Udongo, Moto, na Hoja ya Ubora

Tumeulizwa suali na vijana wanaohudhuria darasa yetu, na kwa kuwa si mara ya kwanza kuulizwa, tumeona heri tulijibu hapa ili na wengine wapate faida. Vijana hawa wamesoma katika vitabu vya shule kwamba watu wa Babil walikuwa wakisimulia khabari ya mtu kuumbwa kwa udongo zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya kushuka Kurani. Wamesoma kuwa Wachina nao wana udongo wao, na Mayahudi na Manasara vivyo hivyo, na kwamba hata makabila ya nchi yetu kila moja lina hadithi yake ya mwanzo wa mtu. Sasa wauliza: ikiwa kila umma una hadithi yake, khabari tuliyopewa sisi ina kitu gani kisichokuwamo katika nyinginezo?

Wako watu wema ambao jibu lao kwa suali kama hili ni kumkataza kijana asisome. Sisi hatuwafuati katika hilo. Kijana aliyekatazwa kitabu mchana hukisoma usiku, na akisomapo kwa siri hana wa kumuuliza. Tena huo si mwendo wa maulamaa wetu wakubwa. Abu Raihan al-Biruni aliingia Bara Hindi katika zama za Sultani Mahmud wa Ghazna, akajifunza Kisanskriti, na mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu kizima juu ya itikadi za Wahindu. Alisema waziwazi kwamba kusudi lake si kubishana nao, bali ni kuyaeleza maneno yao kama wayasemavyo wenyewe, kisha msomaji apime. Al-Biruni hakutoka katika Uislamu kwa kuyajua yale, wala hakupungukiwa na kitu. Basi nasi tutakwenda kwa njia yake, kwa kadiri ya uwezo wetu.

Tuanze na Babil, maana ndiyo iliyowashitua vijana. Katikati ya karne ya 19 wachimbaji waliotumwa na Waingereza walifukua magofu ya Ninawi, karibu na mji wa Mosul katika Iraki, wakaikuta maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Na vitabu vyake havikuwa vya karatasi bali vibao vya udongo vilivyochorwa kwa ncha ya unyasi. Vibao hivyo vikachukuliwa London. Mwaka 1872 mtu mmoja aitwaye George Smith, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora nakshi za kuchapia noti, alisoma mbele ya wataalamu khabari ya gharika aliyoikuta humo, na mwaka 1876 akachapisha na hadithi ya uumbaji. Ulaya yote ikazizima, kwani watu walikuwa wakidhani kuwa hakuna khabari ya mwanzo wa dunia iliyo kongwe kuliko Taurati yao.

Hadithi yenyewe ndiyo hii. Hapo mwanzo palikuwa na maji mawili, ya tamu na ya chumvi, na kila moja ni mungu: Apsu na Tiamat. Wakazaa miungu wengine, wakagombana, na Marduk, mungu wa mji wa Babil, akamuua Tiamat akampasua vipande viwili kama apasuliwavyo samaki wa kuanikwa. Kipande kimoja akakifanya mbingu. Kisha akakamatwa Kingu, jemadari wa upande ulioshindwa, akachinjwa, na kwa damu yake akaumbwa mtu. Na aliumbwa kwa nini? Ili afanye kazi, miungu wapate kupumzika.

Iko na nyingine iliyo kongwe kuliko hiyo, nayo ni hadithi ya Atrahasis, ambayo udongo umetajwa humo waziwazi. Yasimuliwa kuwa miungu wadogo ndio waliokuwa wakichimba mifereji, wakachoka, wakatia moto vyombo vyao vya kazi, wakaizingira usiku nyumba ya mungu mkubwa kama wafanyavyo wafanya kazi waliogoma. Shauri likakatwa: mungu mmoja auawe, nyama na damu yake zichanganywe na udongo, atokee mtu, naye ndiye atakayechukua kikapu cha tope badala ya miungu. Anayeijua nchi ile hataona ajabu. Iraki ya kale iliishi kwa mifereji, na mifereji hujaa matope, na matope hayana budi yaondolewe kila mara, na yuko wa kuyaondoa na yuko wa kusimamia. Hadithi ilimwambia mwenye kikapu kwamba aliumbwa kwa ajili ya kikapu. Na ile ya Marduk ilisomwa mbele ya sanamu yake katika sikukuu ya mwaka mpya, ili jambo hilo lisisahauliwe.

Hapa ndipo tunapotaka ndugu msomaji asimame nasi kidogo. Mwenye kutazama udongo peke yake ataona kufanana tu, na kufanana huko si jambo la kutisha. Kila aliyewahi kuzika maiti anajua mwili unarudi kuwa nini, na kila aliyemwona mfinyanzi amewahi kuona umbo likitoka katika tope. Na sisi twaamini kuwa Mwenyezi Mungu alipeleka waonyaji kwa kila umma. Basi ikiwa mabaki ya khabari ya kweli yamesalia huku na huko yakiwa yamechanganyika na khurafati, hilo halitushangazi. Lakini suali lenye faida si mtu ameumbwa kwa kitu gani. Suali ni kwamba baada ya kuambiwa alivyoumbwa, mtu yule anaambiwa yeye ni nani, na ana haki gani juu ya mwenzake. Hadithi mbili zaweza kutumia udongo mmoja, zikajibu suali hili majibu yaliyo mbali kama mbingu na ardhi.

Tazama ya Wachina. Ying Shao, mtu wa karne ya 2, ameiandika hadithi ya Nüwa, mungu mke, aliyefinyanga watu kwa udongo wa manjano, mmoja mmoja, kwa mikono yake. Kazi ikamchosha, na muda ukawa mchache. Basi akachukua kamba akaiburura katika tope, akaitikisa, na kila tone lililoruka likawa mtu. Na mwisho wa hadithi ndio uliobeba shabaha: wale waliofinyangwa kwa mkono ndio matajiri na watukufu, na wale walioruka kutoka katika kamba ndio maskini na wanyonge. Udongo ni ule ule, ila huyu ni wa mkono na yule ni wa kamba!

Na ya Bara Hindi ndiyo iliyodumu na kudhuru kuliko zote. Katika kitabu cha Wahindu kiitwacho Rigveda, katika juzuu yake ya kumi, mna wimbo wa Purusha, yule mtu mkubwa aliyetolewa kafara na miungu, na katika viungo vyake ukatoka ulimwengu. Kinywa chake kikawa Mabrahmani, mikono yake wapiganaji, mapaja yake wenye mali na biashara, na miguuni pake wakatoka Mashudra, watumishi. Wengine, wasioguswa, hawakupata hata mguu. Al-Biruni aliyaona haya akayaandika bila matusi, ila akasema neno moja ambalo lafaa kukumbukwa, kwamba kizuizi kikubwa baina yao na Waislamu ni hiki, kwa kuwa Waislamu wawaona watu wote sawa isipokuwa kwa ucha Mungu. Tungependa sana afufuke atutazame sisi wa leo tuone kama angeliandika vivyo hivyo.

Lakini insafu yatuwajibisha kusema na upande wa pili. Katika juzuu ile ile ya Rigveda mna wimbo mwingine, juu ya mwanzo wa vitu, ambao mtungaji wake auliza ni nani ajuaye kwa yakini ulimwengu huu umetoka wapi, hata akafika kuuliza kama mwangalizi wa juu mbinguni naye anajua. Sisi hatuwezi kuikubali shaka hiyo ya mwisho. Walakini unyenyekevu wa mwanzo wake twaujua, kwani katika Suratul-Kahf Mwenyezi Mungu atukumbusha kuwa hakuwashuhudisha viumbe kuumbwa kwa mbingu na ardhi wala kuumbwa kwa nafsi zao wenyewe. Hakuna mtu aliyekuwapo. Basi anayesimama leo akasema kuwa babu yake alitoka katika kinywa na babu wa mwenzake katika unyayo, na aulizwe ni nani aliyemshuhudia.

Na huko huko Bara Hindi alikuwako aliyeuliza. Wafuasi wa Budha wamepokea kuwa vijana wawili wa kibrahmani walipomfuata mwalimu wao, jamaa zao waliwatukana kwa kuacha tabaka la juu lililozaliwa kinywani mwa Brahma. Budha akajibu kwa jambo ambalo kila mtu amelishuhudia nyumbani kwake: wake wa Mabrahmani huonekana wakipata hedhi, wakichukua mimba, wakizaa na kunyonyesha kama wanawake wengine, basi vipi mtoto aliyetoka tumboni aseme ametoka kinywani? Karne nyingi baadaye Dr. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa wasioguswa, akaujadili wimbo ule wa Purusha katika kitabu alichokitoa mwaka 1946 juu ya Mashudra. Yeye ndiye aliyeongoza kamati iliyoandika katiba ya India ya mwaka 1950, iliyopiga marufuku desturi ya kumtenga mtu asiguswe. Na mwaka 1956 katika mji wa Nagpur, pamoja na watu laki kadhaa, akaiacha dini ya wazee wake akaingia katika ya Budha. Mtu haachi dini ya wazee wake kwa sababu ya shairi tu. Ila shairi lile lilikuwa limekaa mlangoni pa kisima, likimzuia asinywe maji.

Wazungu wa kaskazini, kabla ya Unasara, nao walikuwa na hadithi ya mungu aliyelala katika nyumba tatu, akazaliwa mtumwa katika ya kwanza, mkulima katika ya pili na bwana katika ya tatu. Na Plato, ambaye Waarabu humwita Aflatuni, alifanya jambo ambalo wengine wote hawakulifanya, nalo ni kukiri. Katika kitabu chake juu ya dola alipendekeza raia waambiwe kuwa walitoka ardhini, na kwamba Mungu amechanganya dhahabu katika wale watakaotawala, fedha katika askari, na chuma na shaba katika wakulima na mafundi; na akasema wazi kuwa huu ni uwongo, ila ni uwongo wenye manufaa kwa mji. Twamshukuru kwa ukweli wake juu ya uwongo wake.

Si hadithi zote zilizokwenda njia hiyo, wala si haki kudhani kuwa wenye kuonja usawa ni sisi peke yetu. Wakikuyu husimulia kuwa Gikuyu na Mumbi, huko Mukurwe wa Nyagathanga, walipata mabinti tisa, na koo zao zikaitwa kwa majina ya mabinti hao. Hadithi ambayo Jomo Kenyatta aliifikisha kwa walimwengu katika kitabu chake cha mwaka 1938. Hapo hakuna ukoo wa mkono na ukoo wa kamba. Wamasai husimulia kuwa ng'ombe wote waliteremshiwa wao kutoka mbinguni, na majirani zao wajua hasara ya hadithi hiyo. Lakini tusiwacheke, kwani kila taifa lina ng'ombe wake wa mbinguni. Na marabi wa Kiyahudi, katika Mishna iliyokusanywa karibu na mwaka 200, waliuliza kwa nini Adamu aliumbwa peke yake, na miongoni mwa majibu yao wakasema ni kwa ajili ya amani baina ya watu, asije mtu akamwambia mwenzake kuwa baba yangu ni bora kuliko baba yako. Neno hilo ni jema, na jema halikataliwi kwa sababu ya kinywa lilikotoka.

Sasa tuje kwetu. Kurani imetaja mara nyingi kuumbwa kwa Adamu, mara mchanga, mara udongo wa kunata, mara udongo mkavu wa kulia kama chungu. Lakini jambo moja katika khabari hiyo hatukuliona katika hadithi tulizozitaja. Hoja ya ubora wa asili imo, nayo imeelezwa kwa ufasaha wote. Ila imetiwa katika kinywa cha Ibilisi. Yeye ndiye aliyeamrishwa asujudu akakataa, na alipoulizwa sababu, akatoa nasaba yake: kwamba yeye ni wa moto na yule ni wa udongo, kwa hivyo yeye ni bora. Wafasiri wamepokea kwa Hasan al-Basri na kwa Ibn Sirin kuwa wa kwanza kutumia kiasi, yaani kupima jambo kwa jambo, alikuwa Ibilisi.

Na angalia vizuri wapi alipoanguka. Hakusema uwongo juu ya asili yake. Kweli alikuwa wa moto, na kweli Adamu alikuwa wa udongo; nasaba yake ilikuwa sahihi, bila ya shaka yoyote, kuliko nasaba zote zilizotundikwa kutani katika miji yetu. Upotevu haukuwa katika khabari bali katika ile hatua aliyoiruka, kutoka «nimetokana na hiki» kufika «basi mimi ni bora». Baina ya maneno mawili hayo hapana daraja. Na tena alitazama kitu alichoumbwa nacho Adamu, asitazame alichopewa: roho aliyopuliziwa, na majina aliyofundishwa ambayo malaika hawakuyajua. Adamu hakusujudiwa kwa udongo wake.

Baadhi ya maulamaa wamemjibu Ibilisi kwa njia nyingine. Ibn Kathir katika tafsiri yake aeleza kuwa udongo ndio bora kwa hakika, kwani una utulivu na upole na huotesha, na moto una haraka na huunguza. Maneno mazuri, na aliyeyasema ni imamu wetu. Lakini sisi twaona, kwa adabu yote, kuwa jibu hilo likichukuliwa peke yake lina hatari, maana humfuata Ibilisi katika baraza yake likakubali mizani yake. Tukisha kusema kuwa sisi ni bora kwa sababu udongo ni bora, tumeshinda kesi kwa hoja ya mshitakiwa. Na kesho atatokea mtu aseme kuwa udongo wenyewe una daraja, na wa kwao ni mweupe zaidi.

Hadithi ya Mtume (S.A.W.) aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari, iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi, yaufunga mlango huo. Yaeleza kuwa Adamu aliumbwa kwa gao moja lililotwaliwa katika ardhi yote, ndiyo sababu wanawe wakaja kwa kadiri ya ardhi, wekundu na weupe na weusi na walio baina ya hao, wapole na wagumu, waovu na wema. Rangi zote zilikuwa katika gao moja. Mlinganishe na yule Nüwa na kamba yake, utaona kuwa udongo ni udongo, lakini hadithi si moja.

Lau tungaliishia hapa, msomaji Mwislamu angaliweka gazeti hili chini akiwa ameridhika na nafsi yake, na hilo silo tunalolitaka. Kwani mbali na hayo yote, hoja ya Ibilisi iliingia katika vitabu vya umma zote tatu, na ikatumia jina la Hamu mwana wa Nuhu. Katika Taurati iliyoko mikononi mwa Mayahudi na Manasara, aliyelaaniwa ni Kanaani mtoto wa Hamu, na hapana hata neno moja la rangi. Walakini watu waliohitaji watumwa waliisoma hadithi ile mpaka ikasema waliyoyataka, kwamba weusi na utumwa ni laana moja. Wasimulizi wetu wakayapokea, yakaingia katika baadhi ya vitabu vya tarehe vyenye heshima. Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, aliwarudi wenye kusema hayo, akasema kuwa weusi ni kwa sababu ya joto la nchi, na laana haina mahali hapo. Ijapokuwa yeye mwenyewe aliandika juu ya watu wa kusini maneno ambayo hatuwezi kumwafiki. Na mwaka 1615 Ahmad Baba wa Timbuktu, mtu wa ilimu na heshima katika nchi yake, alipoulizwa na watu wa Tuwat kama Wasudani ni watumwa kwa laana ya Hamu, alijibu kuwa rangi si sababu, na mtu mweusi na mweupe ni sawa katika hukumu hiyo. Hakuupinga utumwa wenyewe, na hilo twalisema bila kulificha. Lakini alimnyang'anya mnunuzi ile hadithi.

Jambo la ajabu ni kuwa jina hilo hilo la Hamu baadaye liligeuzwa. Katika karne ya 19 Wazungu walipoingia katika falme za Maziwa Makuu wakaona serikali na adabu, hawakukubali kuwa weusi wangeweza kuyatengeneza hayo. John Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alidai kuwa watawala wale asili yao ni Habashi. Seligman, mwaka 1930, akaandika kuwa ustaarabu wa Afrika ni wa Mahami. Hamu aliyekuwa laana ya mtumwa akawa sasa sifa ya bwana! Hadithi haikubadilika kwa kupatikana ilimu mpya. Ilibadilika kwa kubadilika haja ya mwenye kuisimulia. Katika Rwanda Wabelgiji waliandika kabila za watu katika vitambulisho katika miaka ya 1930, wakawaambia Watutsi kuwa wao ni wageni bora. Na kizazi kilichofuata kikawaambia kuwa kama ni wageni basi na waende zao. Mwezi wa Novemba 1992 mwanasiasa mmoja alisema hadharani kuwa watarudishwa Habashi kwa njia ya mto Nyabarongo. Baina ya Aprili na Julai 1994 waliuawa mamia ya maelfu, na mto ule ulizichukua maiti ukazipeleka Kagera, na Kagera ukazifikisha katika ziwa la Viktoria, wakaziona wavuvi wa Uganda. Msomaji anayedhani kuwa hadithi za asili ni mambo ya wazee barazani, na aukumbuke mto huo.

Na pwani yetu? Sisi tuna majahazi saba ya Shirazi, na tarehe ya Kilwa yawataja. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa mifupa ya wazee wetu waliozikwa Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwengineko. Wakakuta kwa wengi wao kuwa upande wa kiume una asili kubwa ya Uajemi, na upande wa kike karibu wote ni wa Kiafrika. Basi wasimulizi wa majahazi hawakusema uwongo. Walichofanya ni kumtaja baba na kumnyamazia mama. Na katika kunyamaza huko ndimo walimotoka «waungwana» na «watwana», na ingawa sheria iliondoa hadhi ya utumwa katika pwani hii mwaka 1907, bado likifika jambo la kuposa watu huuliza kwa sauti ya chini mlango wa kijana ni upi na nyanya yake alitoka wapi, hata akiwa ni hafidhi wa Kurani na mwenye kazi ya halali.

Tutaambiwa kuwa kufu katika nasaba ni jambo lililomo katika fikihi ya Imamu Shafii, na ni kweli limo. Mafakihi waliliweka kwa kumhurumia mwanamke asije akaingizwa katika ndoa ya fedheha bila ridhaa yake. Na hiyo ni haki yake na ya walii wake, wanaweza kuiacha, wala si uthibitisho kuwa Mwenyezi Mungu amewaumba watu daraja mbili. Imamu Malik aliitazama dini. Na kabla ya maimamu hao wote Mtume (S.A.W.) alimwoza binti wa shangazi yake, Zainab binti Jahsh wa nyumba kubwa ya Makka, kwa Zaid bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Wenye kupenda nasaba hufurahi kukumbusha kuwa ndoa ile haikudumu. Haikudumu, kweli. Lakini Mtume hakuichukua kuwa ni dalili, kwa kuwa miaka ilipopita, Fatima binti Qais, mwanamke wa Kikureshi, alipokuja kutaka shauri lake naye amekwisha kuposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimwambia aolewe na Usama, mtoto wa yule yule Zaid, ambaye mama yake alikuwa Baraka, mwanamke wa Kihabashi. Fatima alichukia. Mtume akamkariria neno lake, naye akakubali. Na ni yeye mwenyewe aliyeisimulia khabari hii, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu alitia kheri katika ndoa hiyo mpaka wenziwe wakamwonea wivu.